Nani Atamwosha Aliye Hai?

Ndugu Waislamu, akifariki mtu katika vijiji vya Mhezi, huko milimani Upare, hatuhangaiki kumpata wa kumwosha. Wapo waliofunzwa madrasa. Wanajua upande wa kuanzia, namna ya kumsitiri na namna ya kumgeuza kwa upole. Lakini mzee huyo huyo alipokuwa amelala kwa kiharusi miezi kadhaa, ni nani aliyemgeuza? Mara nyingi ni mjukuu wa kike ambaye hakufundishwa na yeyote.

Huruma anayo, ujuzi hana. Humlisha mgonjwa akiwa amelala chali, uji ukapotea njia na kuingia mapafuni. Humwacha upande mmoja kutwa, nyonga ikafanya kidonda, ilhali wauguzi hufundishwa kumgeuza asiyejiweza takriban kila baada ya saa mbili. Humnyanyua kwa nguvu za mgongo, naye akaumia.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliihesabu elimu ya tiba kuwa ni faradhi ya kutosheleza, kama ilivyo kumwosha maiti: asipopatikana wa kuisimamia, lawama huwa ya wote. Nasi twaona kuwa kumhudumia asiyejiweza ni tawi la elimu hiyo.

Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa miaka mitano wa kuandaa wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294, wenye mafunzo ya miezi sita. Ni jambo la kushukuriwa. Hata hivyo, mhudumu huyo ana kaya nyingi za kuzungukia. Hawezi kushinda kando ya kitanda cha mgonjwa mmoja.

Wapare tunao msaragambo, uliotuchimbia mifereji na kututengenezea njia. Basi na uingie katika hili. Chumba cha madrasa kitolewe siku moja kwa wiki, aombwe muuguzi awafundishe vijana, wake kwa waume, kwani mgonjwa mwanamume naye ana haki ya kusitiriwa na mwanamume mwenzake. Atakayeonyesha bidii achangiwe ada ya chuo kinachotambuliwa, apate cheti na ujira wa halali, asigeuzwe mtumishi wa bure wa ukoo.

Kumwosha maiti vizuri ni heshima yetu ya mwisho kwake. Tuchunge isije ikawa ndiyo ya kwanza.

Wabillahi tawfiq.