Lenzi za Bibi Cameron

Mtu anunuapo kamera, neno la kwanza amwulizalo muuzaji ni kama picha zake hutoka safi, zenye kuonyesha kila unywele. Swali hilo ni la haki, kwa maana fedha ni zake, wala hapendi kuletewa picha ya jamaa yake isiyo na pua. Lakini alikuwako bibi mmoja Mwingereza aliyelaumiwa kwa ajili ya jambo hilo miaka mingi, naye hakubadili shauri lake. Jina lake Julia Margaret Cameron.

Alizaliwa Calcutta, katika Bara Hindi, mwaka wa 1815. Mumewe, Bwana Charles Hay Cameron, alikuwa mwanasheria mwenye mashamba ya kahawa huko Ceylon. Mwezi wa Desemba 1863, mama huyo alipokuwa na umri wa miaka 48, binti yake na mkwewe walimpa kamera imwondolee upweke. Nyumba yao ilikuwa Freshwater, katika kisiwa cha Wight, kusini ya Uingereza. Banda la kuku akaligeuza chumba cha kupigia picha, na ghala ya makaa ikawa chumba cha giza. Kuku, kwa maandishi yake mwenyewe, walifunguliwa tu, naye alitumaini kwamba hawakuliwa.

Lenzi yake ya kwanza ilitengenezwa na Jamin wa Paris kwa kufuata kanuni ya Joseph Petzval, mwalimu wa hesabu wa Vienna. Petzval aliimaliza kazi yake mwaka wa 1840, akisaidiwa na askari wa mizinga waliozoea hesabu ndefu. Lenzi za kabla yake ziliingiza nuru kidogo, hata ikampasa mtu kukaa kama sanamu dakika nyingi. Lenzi ya Petzval iliingiza nuru nyingi kupita zile za zamani, ila ilikuwa na kasoro: katikati ya picha mambo yalitoka safi, na pembeni yakafifia. Mwaka wa 2013 kampuni ya Lomography ya Vienna ilitangaza lenzi mpya ya shaba ya namna hiyo hiyo, na maelfu ya watu wakailipia kabla haijatengenezwa, kwa kuipenda kasoro ile ile. Petzval angalishangaa.

Wapiga picha wengine waliizungusha lenzi mpaka kila uzi wa kanzu uonekane. Bibi Cameron aliizungusha mpaka uso uliokuwa mbele yake ukampendeza, akaacha hapo. Waandishi wa majarida ya upigaji picha wakasema kwamba bibi huyu hajui kutumia chombo chake. Kwa sehemu walikuwa na haki. Siku zile picha ilipigwa juu ya sahani ya kioo iliyopakwa dawa, nayo ilipaswa kutiwa katika kamera na kusafishwa ingali mbichi. Mtu asiye na subira huacha alama, na katika picha zake zimo alama za vidole, michirizi ya dawa, hata nyufa za kioo. Yeye alizichapa vivyo hivyo.

Lakini neno la ukungu ni mbali na hayo. Wako wasemao kwamba uzuri wa picha zake ulitokana na ubovu wa lenzi ya Jamin, kana kwamba lenzi ndiyo iliyofanya kazi na mama akashika kamba tu. Maneno hayo hayasimami. Mwaka wa 1866 alinunua lenzi mpya ya Dallmeyer wa London, iliyosifiwa kwa kutopinda mistari, pamoja na kamera kubwa ya sahani za inchi 15 kwa 12. Kama kosa lingalikuwa la lenzi, ukungu ungalikwisha siku hiyo. Haukwisha. Lenzi ndefu ikiwekwa karibu na uso, macho huonekana wazi na masikio yamekwisha kufifia. Na mtu aliyekaa dakika kadhaa hawezi kukosa kutikisika. Angeweza kuuziba mdomo wa lenzi kidogo ili apate usafi zaidi, lakini hakutaka.

Kwa vyombo hivyo vipya alimpiga picha Sir John Herschel mwaka wa 1867. Huyu ni mtaalamu wa nyota aliyekutana naye Rasi ya Tumaini Jema mwaka wa 1836, na ndiye aliyevumbua njia ya kuifanya picha isifutike kwa dawa ya haipo. Nywele zake nyeupe zimesimama kama moshi, na kichwa chatoka gizani peke yake. Hakuna lenzi ijuayo kupanga giza namna hiyo.

Mwaka wa 1875 Bibi Cameron na mumewe walihamia Ceylon, iitwayo Sri Lanka tangu mwaka wa 1972. Kutu ya majani ilikuwa imekwisha kuingia katika mibuni ya kisiwa hicho tangu 1869, msiba ambao mkulima yeyote wa kahawa aweza kuupima. Picha alizozipiga huko ni chache, nyingi zikiwa za wenyeji na wafanya kazi wa mashamba. Mchoraji Marianne North alipomtembelea Kalutara mwaka wa 1877, aliketishwa naye mbele ya kamera. Bibi Cameron alifariki kisiwani humo mwezi wa Januari 1879.