Mgeni wa Miaka Mitano

Familia ya kigeni ikitua Nairobi na mtoto akipata nafasi katika shule ya kimataifa, mapokezi huwa moto. Masanduku hayajafunguliwa na wazazi wa shule wameshawatafutia familia ya kuwashika mkono. Wanapewa orodha ya daktari wa meno, fundi wa mabomba, duka linalouza jibini ya kwao. Kuna chai ya wazazi wapya, na pengine kapu la zawadi lenye twiga wa mbao.

Huyo twiga namjua. Anatoka kwetu Wamunyu, barabara ya Machakos kwenda Kitui.

Sina noma na mapokezi. Kuhama ni kugumu, na mtoto wa miaka tisa aliyeacha marafiki wake wote anahitaji mtu wa kucheza naye. Ugomvi wangu ni na somo linalokuja na lile kapu: kwamba unaweza kuishi Kenya bila Kenya.

Mamangu amefanya kazi za nyumbani kwa familia kama hizo, upande wa Gigiri, tangu niwe darasa la pili. Ya kwanza ilipoondoka ilimwandikia barua tamu, ikampitisha kwa ya pili. Ya pili ikampitisha kwa ya tatu, pamoja na mbwa. Walimpenda, hilo silikani. Lakini mwalimu wa Kiswahili alikuwa jikoni mwao kila siku, na wao wakamwongelesha Kiingereza, yeye akijibu kwa kubahatisha. Wamunyu waliiona chini ya twiga, imeandikwa kwa kalamu. Hakuna aliyeuliza kama ni mahali.

Na sisi tusijitoe. Methali ni yetu: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tunaikariri shuleni, halafu mzungu akifika tunaficha jembe. Akisema "asante" tunapiga makofi. Akijaribu Kiswahili sokoni tunamjibu Kiingereza, kisha tunampandishia bei. Kijana wa Wamunyu akihamia Nairobi analala kwa binamu Pipeline, na asubuhi jembe linamngoja mlangoni.

Utaniambia hawa wanakaa miaka mitatu, mitano, kisha wanaenda; wajisumbue ya nini? Mwangalie Mutisya Munge. Alitoka Wamunyu akafika Tanganyika enzi za Vita vya Kwanza vya Dunia, enzi za wale wapagazi wa jeshi walioachia Kariakoo ya Dar na Kariokor ya Nairobi majina yao. Hakuna kamati iliyomngoja na chai. Vita vyenyewe vilidumu miaka minne tu, 1914 hadi 1918. Lakini aliketi na wachongaji wa kule, akajifunza kazi yao, akarudi nayo nyumbani. Uchongaji unaotulisha Wamunyu, ule uliotupeleka hadi Gikomba na Changamwe, ulianza na mgeni aliyekubali kuwa mwanafunzi.

Basi nyinyi mnaoandaa mapokezi, endeleeni na chai, ila ongezeni jembe. Wiki ya kwanza iwe na Kiswahili cha wazazi, si cha watoto peke yao. Pale mnapowaeleza namna ya kupata msaidizi wa nyumbani, waelezeni pia mkataba wa maandishi, siku ya mapumziko, malipo ya NSSF. Watoto mkiwaleta Wamunyu, msiwashushe kwenye basi kupiga picha na kununua simba. Wapeni msasa. Wakae chini ya mti siku nzima na wamama wanaosugua vinyago, vumbi la mbao liwaingie puani, wasikie wanavyotaniwa kwa Kikamba. Mtoto atakayerudi nyumbani na vidole vinavyouma atakuwa amefika Kenya, hata kama babake bado anaishi Gigiri.

Na ile orodha irekebisheni. Familia ya nne ya mamangu inahama Julai. Juzi alinitumia picha ya tangazo lao, akiniuliza limeandikwa nini. Jina lake lilikuwa kati ya kiti cha mtoto cha gari na jenereta. Nilimwambia wamesema anapika vizuri.