Nithi ni mto, si laana

Ukipanda matatu ya kutoka Meru kuelekea Embu, utajua mmekaribia daraja la Nithi hata kama hujaangalia nje. Kelele zinapungua. Yule msee wa kiti cha nyuma aliyekuwa akibishana kuhusu Arsenal tangu Nkubu ananyamaza. Mama mmoja anaweka mkono kifuani, midomo inacheza bila sauti. Na siku hizi hakosi mtu, aghalabu wa rika letu, anayetoa simu, anaisogeza dirishani na kuanza kurekodi: "Wasee, hapa ndio kwa ile daraja ya mauti."

Dakika moja baadaye mmevuka, injini inakoroma ikipanda upande wa Chuka, na Arsenal wamerudi uwanjani. Klipu tayari iko TikTok, imewekewa muziki wa filamu za kuogofya na vifuvu vitatu.

Leo tunataka kuongelea hilo jina. Daraja tutalifikia, lakini tuanze na jina, kwa sababu tunashuku limekuwa sehemu ya tatizo.

Kwa wasioijua njia hii, barabara ya Embu–Meru inakata miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya, na mito inayoshuka mlimani kwenda kuingia Tana inaipita moja baada ya nyingine. Ndiyo maana safari nzima ni kushuka bondeni, kuvuka, kupanda, halafu kushuka tena. Thuchi, mpakani mwa Embu na Tharaka Nithi, ni hivyo hivyo. Ila Nithi imezidi. Ukitoka upande wa Meru unapata mteremko mrefu, kisha kona, kisha daraja, vyote vimebanana kama abiria wa jioni. Dereva wa basi au lori aliyeshuka akikanyaga breki njia nzima, badala ya kuweka gia ya chini na kuiachia injini kazi, anafika kule chini breki zimechemka. Breki zilizochemka hazishiki. Hapo hakuna mzimu wala jini. Muulize fundi yeyote wa gereji ya Chuka, atakueleza huku anakunywa chai.

Jumapili jioni, Julai 24, 2022, wiki mbili hivi kabla ya uchaguzi mkuu, basi lililotoka Meru likielekea Mombasa lilitoka barabarani pale pale na kutumbukia bondeni, umbali wa takriban mita 40. Zaidi ya watu 30 walikufa. Waliokuwa ndani walikuwa watu wa kawaida kama mimi na wewe, wengine wakirudi kazini, wengine wakirudi makwao Pwani. Haikuwa ajali ya kwanza pale na jina la daraja la mauti lilikuwa lishaanza kutumika zamani, lakini usiku ule ndio uliolichapa muhuri. Serikali ikaja, ikakagua, ikaahidi kuchora upya kipande hicho cha barabara. Tumesikia ahadi hiyo mara nyingi tangu wakati huo, katika mikutano na katika mazishi.

Kabla ya hayo yote Nithi lilikuwa jina la mto tu, na mto mzuri. Wale wanaokwea mlima kwa njia ya Chogoria wanaujua kutoka mwanzo wake: unatoka Ziwa Michaelson, chini kabisa ya bonde lenye kuta za mawe, kisha unapita maporomoko yanayovutia wapiga picha kutoka mbali. Jina hilo hilo ndilo nusu ya jina la kaunti nzima. Lakini mwambie mtu wa Nairobi kwamba wewe ni wa Tharaka Nithi uone. Hataulizia mlima, wala chai, wala maziwa. Atauliza, "Kule kwa daraja?" Kuna watoto wanaokua sasa hivi ambao jina la nyumbani kwao ni jina la ajali. Hilo linauma kwa namna ambayo klipu ya sekunde 15 haiwezi kuonyesha.

Na jina limesafiri. Ndagani, pale chuoni, tumewahi kusikia wanafunzi wakiita somo gumu "Nithi", yaani ukiingia vibaya hutoki. Tumesikia mtu aliyeachwa na mpenzi akisema amepelekwa Nithi. Tukacheka, tusidanganyane. Kizazi chetu kinacheka na kifo kila siku. Ukifurahishwa na kichekesho unasema "nimekufa". Ukichoka, "nimededi". Mchezaji akipigwa chenga, ameuawa, tena bila kesi. Hatuoni ubaya wowote hapo, maana lugha ya mtaa imekuwa hivyo siku zote na anayetaka kuipiga marufuku atachoka kabla ya Jumatano.

Tena si sisi peke yetu. Daraja la mauti ni jina linalopendwa dunia nzima. Katika filamu ya vichekesho ya Waingereza ya 1975, Monty Python and the Holy Grail, kuna daraja lenye jina hilo hilo, na mzee anayelilinda huuliza kila anayetaka kuvuka maswali matatu. Ukikosea, unarushwa shimoni. Kichekesho ni kwamba swali linaweza kuwa jepesi kiasi cha rangi unayoipenda, na mtu bado akababaika. Kuna pia daraja la reli la Pripyat, karibu na Chernobyl. Tamthilia maarufu ya 2019 iliwaonyesha wakazi wakisimama pale usiku wa Aprili 26, 1986 kutazama moto wa kinu cha nyuklia, na mwishoni ikaandika kwamba imeripotiwa hakuna hata mmoja wao aliyepona. Hadithi hiyo imekosa ushahidi. Wapo waliofika darajani usiku ule na wakaishi hadi kuhojiwa miaka mingi baadaye. Lakini jina likishaingia kwenye runinga, nani tena atauliza?

Huku kwetu Pwani, waliokulia madrasa watakumbuka daraja lingine la kutisha zaidi ya hayo yote: Sirati, jembamba kuliko unywele, kali kuliko upanga, na Jahanamu iko chini yake. Angalia jambo moja lakini. Katika masimulizi hayo hakuna anayelilaumu daraja. Anayeanguka ameangushwa na matendo yake.

Sasa turudi kwenye majina ya barabara, maana hapa ndipo tulipotaka kufika. Bolivia kuna barabara ya milimani, ya Yungas, inayojulikana kote kama barabara ya kifo. Ilikuwa nyembamba, upande mmoja ukuta wa mwamba na upande wa pili shimo, na kwa miaka mingi mabasi na malori yalidondoka huko na watu wao. Katikati ya miaka ya 2000 barabara mpya ikakamilika, magari karibu yote yakahamia huko. Ile ya zamani leo ni ya baiskeli. Watalii wanalipa kushuka nayo, na wakifika chini wanapewa fulana yenye jina la kifo kifuani. Huo ndio mpangilio unaostahili. Kwanza hatari iliondolewa njiani kwa mabasi ya watu, fulana zikafuata. Sisi tumeanza na fulana.

Hata hapa Kenya tuna mfano. Hell's Gate pale Naivasha inamaanisha lango la Jahanamu, na jina hilo halijamzuia mtu kukodi baiskeli na kwenda kupiga picha na punda milia. Ni mbuga ya taifa tangu 1984, na Lara Croft mwenyewe alikuja kuigiza huko kwenye filamu ya 2003. Jina la kutisha linauza. Lakini Septemba 2019 maji ya ghafla yalipofagia kundi la wageni ndani ya korongo na watu saba wakafa, hatukumbuki mtu yeyote aliyesema, "Sasa mlitarajia nini, si ni Jahanamu?" Watu waliuliza kuhusu mvua, tahadhari na waelekezi, na korongo likafungwa. Jina liliwekwa pembeni, maswali ya maana yakaulizwa.

Nithi mambo huenda kinyume. Kila ajali kubwa ikitokea, kabla hata miili haijatolewa bondeni, mtandao unajaa maelezo ya damu inayodai damu na mizimu ya mtoni ambayo haijatulizwa. Unasikika wito wa maombi, unasikika wito wa kutakasa eneo. Hatumdharau anayeomba. Aliyefiwa ana haki ya kulia kwa njia anayoijua, na mzee akitaka kumwaga uji au kuchinja mbuzi pale, mbuzi hawezi kuharibu kitu. Tatizo letu ni kwamba daraja likishaitwa la mauti, mauti yanakuwa kazi yake. Mshtakiwa amepatikana, tena mshtakiwa asiyeweza kupelekwa kortini. Aliyechora ile kona anapumua. Mwenye basi aliyelazimisha dereva mmoja kwenda na kurudi bila usingizi anapumua. Aliyelipa gari cheti cha ukaguzi bila kuangalia breki naye anapumua, na ukimbana atakwambia kwa uso mkavu kwamba pale mahali pana jambo.

Majina yenyewe hayana nguvu hiyo. Kwenye barabara ya Mombasa kuna mahali panaitwa Salama, na panatajwa miaka nenda miaka rudi miongoni mwa sehemu hatari za barabara ile. Jina zuri halijamwokoa mtu. Na Salgaa, jina lililokuwa likitutia baridi tukiwa shule, lilibadilika vipi? Baada ya mkesha wa mwaka mpya wa 2017 kuua watu 36 pale Migaa, serikali ilijenga ukuta wa zege katikati ya barabara mwaka uliofuata, kutenganisha magari yanayopanda na yanayoshuka. Ajali za kugongana ana kwa ana zikapungua. Mizimu ya Salgaa, kama ilikuwapo, ilishindwa na saruji.

Tunajua mtu atatujibu kwamba jina linasaidia, kwamba dereva akikumbuka ni daraja la mauti atapunguza mwendo. Ni hoja, na pengine kwa mgeni mwenye gari dogo inafanya kazi. Lakini dereva anayepita pale mara mbili kwa siku ameshalizoea jina kama alivyozoea bei ya mafuta. Wale wa Probox za miraa wanaokimbizana na saa ya ndege, nao jina hawalisikii kabisa. Kinachomfanya dereva apunguze mwendo ni tuta, ni askari mwenye mashine ya kupima kasi, ni kituo cha lazima juu ya mteremko ambapo lori na basi vinasimama, breki zinapoa, gia inabadilishwa ndipo wanashuka. Ni njia ya dharura ya changarawe kando ya mteremko, ambayo gari lililopoteza breki linaweza kuingia na kuzama badala ya kuruka. Ni vitu vinavyojengwa kwa pesa kidogo ukilinganisha na daraja jipya, na havihitaji kusubiri ile barabara tuliyoahidiwa. Barabara yenyewe nayo tunaitaka, ikiwa na tarehe ya kuanza na tarehe ya kumaliza, zimeandikwa kwenye ubao pale pale kando ya njia ambapo kila anayepita atazisoma.

Zaidi ya watu 4,000 hufa kila mwaka kwenye barabara za nchi hii. Wengi wao hawafi kwenye madaraja yenye majina. Wanafia kwenye kona zisizojulikana, kwenye boda, wakivuka kwenda dukani. Hakuna anayewarekodi kwa sababu hakuna jina la kuweka kwenye maneno ya chini.

Kwa hiyo ukipita Nithi wikendi hii, rekodi ukitaka. Ila badala ya vifuvu, onyesha kipimo cha mwendo wa dereva. Onyesha kama kuna alama inayoeleza gia, na kama kingo za daraja ziko sawa. Taja ahadi na mwaka ilipotolewa, kisha watumie wahusika wa barabara kuu na mbunge wako.

Au fanya kama yule mama tuliyesafiri naye mwezi uliopita kutoka Igoji. Alikuwa ameketi nyuma ya dereva, kapu la ndizi miguuni. Mteremko ulipoanza sote tukanyamaza kama kawaida, simu mbili zikatoka. Yeye hakuomba. Aliinama mbele, akamgusa dereva begani, akamwambia taratibu kama anayemwambia mwanawe afunge mlango: "Kijana wangu, gia." Dereva akacheka kidogo, akasema, "Sawa, mama," na tukasikia injini ikiguna, gari likishikwa, tukashuka pole pole mpaka chini.