Majitaka ya Moshi na Haki ya Walio Chini

Wako watu wasemao kwamba mto hujisafisha wenyewe, na ya kuwa kusafisha majitaka ni anasa ya miji mikubwa. Neno hili lina chembe ya kweli, na chembe hiyo ndiyo iliyolipa umri mrefu. Mto wenye maji mengi huweza kushinda uchafu mchache. Tume ya Kifalme ya Uingereza ilikiri hivyo mwaka 1912, lakini kipimo chake kilitaka majitaka yawe yamekwisha kusafishwa, na mto uyazimue walau mara 8. Wasemaji hawa hushika neno la kwanza wakaliacha sharti. Mito ya nchi za joto hupungua wakati wa kiangazi. Mji haupunguzi majitaka yake kwa kungojea masika.

Mji wa Moshi, chini ya Kilimanjaro, una mabwawa ya majitaka huko Mabogini. Kazi yake haina fahari. Katika vina virefu uchafu mzito hutuama ukaoza; katika vina vifupi mwani huzaa oksijeni kwa nguvu ya jua, na jua hilo hilo huua vijidudu. Hakuna mtambo unaonguruma, wala jua halidai malipo. Kwa nini basi kazi rahisi namna hii isitendwe vyema? Labda kwa sababu hiyo hiyo: mtambo ukifa kelele hukoma na watu hushtuka, bali bwawa hufa kimya. Tope lisipozolewa hujaa, kina hupungua, na maji yaliyopasa kukaa siku nyingi hupita upesi, yakatoka karibu kama yalivyoingia. Tena bwawa halisafishi kisicholifikia. Nyumba isiyo na bomba wala gari la kunyonya majitaka hupeleka uchafu wake ardhini au mferejini.

Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 ilikataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za ukingo wa mto. Vyema; lakini jembe la maskini huonekana upesi mchana, na uchafu upitao chini ya ardhi hauonekani.

Nani hulipa? Si mwenye nyumba mjini. Wakulima wa Mabogini hunywesha mpunga wao maji yatokayo mabwawani, wakiinama ndani yake miguu mitupu. Yanayobaki hufuata bonde la Pangani, kwa wavuvi wa Nyumba ya Mungu. Watu hawa hawana kura katika baraza la mji.

Kipimo cha Tanzania hakiruhusu uchafu uhitajio zaidi ya miligramu 30 za oksijeni kwa lita katika siku 5. Basi hesabu ya kila mwezi ya bwawa la mwisho na ibandikwe katika ofisi ya kijiji, si mjini peke yake, kwa Kiswahili ambacho mpandaji wa mpunga atakisoma kabla ya kukunja suruali yake.