Kupe wa Mtandao Ananenepa kwa Uzembe Wetu

Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Marekani, waliuchunguza mtandao wa kompyuta zilizotekwa uitwao Storm. Waligundua kwamba katika barua taka zipatazo milioni 350 zilizotumwa, watu 28 tu ndio waliojaribu kununua dawa zilizotangazwa. Mfanyabiashara wa kawaida angekwisha kufilisika. Huyu hafilisiki, kwa sababu gharama inalipwa na wengine.

Kazi yenyewe haifanywi kwa mkono. Programu moja hupita katika kurasa za intaneti ikiokota anwani za watu. Nyingine hutunga barua na kubadilisha maneno machache katika kila moja, ili vichujio visiitambue. Kisha barua hizo hutumwa na maelfu ya kompyuta za watu wasio na habari, ambazo zimekwisha kuambukizwa na sasa zinatii amri ya bwana asiyeonekana. Umeme ni wa mwenye kompyuta, ada ya intaneti ni yake, na lawama ni yake. Faida ni ya bwana. Kama huo si unyonyaji, basi neno hilo halina maana.

Wako wanaodhani kwamba dawa ni kumkata kupe kichwa. Novemba 2008 jambo hilo lilijaribiwa. Kampuni ya McColo ya California, iliyohifadhi mitambo ya kuongozea kompyuta hizo, ilikatiwa mawasiliano, na mara moja barua taka duniani zikapungua kwa zaidi ya nusu. Lakini baada ya miezi michache zilirudi, kwani kompyuta zilizotekwa zilikuwa bado zipo, zikingoja bwana mwingine.

Hapa Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ilipiga marufuku ujumbe usioombwa. Hata hivyo, sheria haisafishi kompyuta ya ofisi. Mtumishi anayefungua kila kiambatisho, au mwalimu anayeweka programu ya wizi katika kompyuta ya shule kwa kuwa ni ya bure, anamkabidhi mnyonyaji mali ya umma. Kusema "kompyuta hii si yangu, ni ya serikali" si utetezi. Kwa kuwa ni ya serikali, ni ya wananchi, na aliyekabidhiwa mali ya wananchi hana budi kuilinda kuliko yake mwenyewe.