Ziwa Nyasa Lisitiwe Sato

Ndugu zangu wa Kyela, Ludewa na Mbamba Bay, masika haya nilisimama kando ya mto Kiwira nikaona kwa macho yangu ukingo wa bwawa ukimeguka, na sato wa Ziwa Viktoria, walioletwa huku wakiwa vifaranga ndani ya mifuko ya plastiki iliyojazwa hewa, wakiteremka na mafuriko kuelekea ziwani, ilhali mwenye bwawa, majirani zake na hata mtumishi wa serikali aliyepaswa kuwa na khabari wanatazama kama watu watazamao ngoma. Hapana aliyeuliza samaki wale waliletwa kwa idhini ya nani.

Sababu za kuwaleta tunazijua sote: sato hukua upesi na soko lake ni tayari. Lakini haja ya mtu mmoja haiwezi kuwa hoja ya kuidhulumu riziki ya Tanzania, Malawi na Msumbiji! Huko Viktoria, katika miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960, walitiwa sangara na sato. Hata ilipokwisha miaka ya 1980 samaki wadogo waitwao furu, wa aina zikadiriwazo kufika 200, walikuwa wametoweka, na ngege, aliyekuwa kitoweo cha heshima, amebaki katika viziwa vya kando kama Kanyaboli. Sangara amewatajirisha wengi, wala sikatai. Bali furu waliotoweka hawarudi, na hapana dola iwezayo kuwarudisha.

Nyasa ina samaki wa aina zaidi ya 500, aghalabu wasiopatikana kwingineko duniani, na sato huzaana na perege wa asili hata nasaba yao ikafutika. Ni aibu, na ni dhambi, amana ya namna hii kuharibiwa nasi tukinyamaza.

Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 ipo, lakini haisafiri pamoja na mifuko ya vifaranga. Sisi ndio tulio njiani. Dereva, kataa mzigo wa vifaranga usio na kibali. Mfugaji, fuga perege wa huku, chimba bwawa mbali na mto, njia ya kutolea maji uizibe kwa wavu wa matundu madogo. Wazee na viongozi wa dini, nawasihi mlichukue jambo hili kuwa dhima yenu. Na wewe mvuvi, ukimtoa wavuni samaki usiyemjua, usimrudishe majini wala usimwuze kimya kimya: mpeleke kwa bwana samaki siku hiyo hiyo, utaje mahali ulipompata, na usiposikilizwa, umwonyeshe samaki huyo mbele ya mkutano wa kijiji mpaka usikilizwe.