Stratos ilipigwa na Peugeot

Makala kuhusu magari ya toleo dogo ya wachoraji wakubwa wa Italia ni tamu, ila mwandishi ametupeleka Italia akasahau kwamba magari hayo yaliwahi kula vumbi la hapa kwetu Kenya. Safari Rally ya 1975, Lancia Stratos, umbo la Marcello Gandini wa Bertone, bapa kama kabari, yaliyotengenezwa hata hayakufika 500, ilishika nafasi ya pili na ya tatu. Aliyeshinda? Ove Andersson, na Peugeot 504 ya milango minne! Na hiyo nayo ilichorwa Italia, kwa Pininfarina. Mwaka 1978 Jean-Pierre Nicolas akashinda na 504 Coupé, ambayo bodi yake Pininfarina waliiunda wenyewe.

Sisi wa Kaloleni tunaikumbuka zaidi ile 504 ndefu ya abiria, wazee wamebanana ndani kuelekea Kisumu, mizigo juu ya paa. Nani aliuliza zile taa zenye pembe zilichorwa na nani? Gari la toleo dogo linalolala gerejini chini ya turubai, mimi halinishtui. Ndugu mwandishi, siku nyingine tuandikie hiyo 504, tena utuwekee na picha.